Darasa Lililoona Haya Kumsahihisha Mzee

Kwanza mnisamehe mwandiko. Herufi zangu huanza mstari zimesimama na kuumaliza zimelala, na tahajia yangu ni ile niliyotoka nayo darasa la saba. Naandika polepole. Mama mdogo ameshamaliza kuchambua kunde zake, nami bado niko mwanzo wa ukurasa.

Nilitoka Sikonge kuja kukaa kwake mjini, mtaa wa Mtendeni, kwa sababu ya darasa la Kiingereza la alasiri. Hospitali moja ilitaka wasichana wa kusomea uuguzi, na maswali ya kuingilia yaliulizwa kwa Kiingereza. Nikishindwa, narudi kwa baba kufunga tumbaku. Si kazi mbaya, ila harufu ya majani yale hunitapisha.

Mwalimu wetu alikuwa mzee, karani wa reli aliyestaafu, akijitolea. Kila siku aliandika ubaoni sentensi yenye kosa, makusudi, kisha akasema, "Nimekosea. Nani atanisahihisha?"

Nani amwambie mzee mwenye mvi kwamba amekosea? Tulichoweza ni kuisoma sentensi yake kwa pamoja, kosa na yote, kwa sauti ya heshima.

"Jamani! Nawaambia ni kosa, nanyi mnaliimba?"

"Ndiyo, mwalimu."

Akajaribu siasa. Akasema sasa ni Ujamaa, hakuna mkubwa wala mdogo, tumwite ndugu.

"Ndiyo, ndugu mzee," akajibu mama muuza asali aliyekaa mbele yangu. Huyu alikuja kusoma kwa sababu wanawe walikuwa wakimsengenya mbele yake kwa Kiingereza cha shule.

Mwisho mwalimu alichoka. Watu waliokosa viti walikuwa wakichungulia dirishani, naye akasema kwamba Ijumaa asiyesahihisha hata sentensi moja atainuka ampishe mwingine. Mimi nilijua nimekwisha. Makosa niliyaona, tena mapema. Nyumbani niliyasahihisha yote mbele ya chungu cha maharage, na chungu hakikunicheka. Darasani ulimi uligoma.

Ijumaa ikafika. Akaandika: "My mother is at home and he is cooking." Kwetu mama ni yeye na baba ni yeye, hata fundi cherehani ni yeye. Waingereza wana neno la mwanamume na neno la mwanamke, na mwalimu alikuwa amempa mamake lile la mwanamume. Nililiona. Midomo yangu ikalisahihisha bila sauti.

Mama muuza asali akanyoosha mkono. Hakusahihisha kitu.

"Samahani, ndugu mzee. Kwenu hasa ni wapi?"

Siku hizi kuulizana kabila kunaonekana ni kurudi nyuma, ndiyo maana hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Kisarawe," akasema.

"Mzaramo!" Mama akapiga meza. "Muda wote huu tunamwamkia shikamoo, kumbe ni mtani! Babu zetu wamebeba mizigo mpaka kwenu, mnawaficha maji!"

"Maji gani, nao walishamaliza mihogo yetu shambani kama nyani?" Mwalimu alikuwa amebadilika uso, kama mtu aliyekutana na jamaa yake safarini. "Wanyamwezi ninyi, midomo ya kula mnayo, ya kusema hamna. Na yule mtani wangu pale nyuma? Midomo inachezacheza kama ya sungura, sauti haitoki."

Alikuwa akinisema mimi. Kwa mzee ningeinamisha kichwa. Kwa mtani, ambaye mila inakuruhusu kumkejeli bila kumvunjia heshima, kunyamaza ndiyo aibu. Nikajikuta nimesimama.

"Mtani, huyo mama yako ana ndevu?"

Darasa likalipuka. Hata wa dirishani walicheka.

"Ndevu? Kwa nini?"

"Umempa neno la wanaume. Mpe lake."

Akanikabidhi chaki. Nikaenda ubaoni, nikafuta, nikaandika "she" polepole, kama ninavyoandika sasa.

"Mwoneni!" akapaza sauti. "Babu yake alibeba pembe ya ndovu mpaka pwani, mjukuu chaki inamlemea!"

Nilirudi kwenye kiti changu, na kilikuwa changu kweli. Nikavuta pumzi mpaka tumboni. Tangu siku hiyo hakuna kosa lililodumu ubaoni. Tulimrukia mwalimu hata kabla hajaweka nukta. Wasio Wanyamwezi nao walijitia utani wa kuazima.

Hospitalini nilikosea mara moja, nikajisahihisha mwenyewe, na yule mama aliyeniuliza akatabasamu. Wamenikubali. Naanza mvua zikikatika, na baba ameshatafuta mtu mwingine wa tumbaku.

Sasa ninyi mliosoma mpaka hapa, niandikieni. Makosa yangu msiyapite kwa adabu. Mzaramo asihangaike kutafuta maneno laini. Wengine anzeni na salamu, kisha nisahihisheni.