Karamu na Kalamu

Harufu ya iliki hunirudisha Kitui, miaka ya sabini, kwenye ua wa minyaa uliotenganisha kwetu na kwa Bi Rukia. Yeye na binti yake Karima, rika langu, walikuwa Waislamu wenye asili ya Pwani. Sisi tulikuwa watu wa kanisa na jembe. Asubuhi Bi Rukia alikaanga mahamri, alasiri akawafundisha wasichana Kiarabu barazani. Mama alimpelekea ndengu kila msimu wa mavuno, na sahani haikurudi tupu. Afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na ndugu zake Mama walikuwa mbali kweli.

Siku moja kabla ya Idi, Bi Rukia aliniita uani. "Mwambie mamako kesho namngoja kwa karamu." Sasa, Kikamba chetu hakina r, na ulimi wangu uliigeuza kuwa l bila kuniomba ruhusa. Nilimweleza Mama kwa Kikamba, neno hilo moja nikaliacha vile lilivyokaa mdomoni mwangu: kalamu. Mama akashangaa kidogo, kisha kesho yake akanituma na kalamu yetu ya pekee, ile ya kumwandikia Baba barua kazini Mombasa. Nilimkuta Bi Rukia ametandika mkeka, pilau imefunikwa kawa. Akaitazama kalamu, akanitazama mimi. "Mamako hali chakula changu?" Sikuelewa. Nikajibu, "Amesema urudishe ukimaliza."

Mahamri yakakoma. Bi Rukia aliona amedharauliwa kwa dini yake. Mama naye aliona ametoa kalamu yake asipate hata ahsante. Karima akakatazwa kuvuka ua, nami nikabaki bila rafiki, nikiumia bila kujua kosa ni la nani.

Alasiri moja nilijibanza kwenye minyaa nisikilize somo, angalau niisikie sauti ya Karima. Bi Rukia alikuwa akisema kwamba neno la Kiarabu lina mifupa, mara nyingi herufi tatu, na nyama hubadilika juu yake. Kitabu, katibu, maktaba: mifupa ileile. Darasa na madrasa vilevile. Nilishtuka, maana darasa nililijua kuwa letu na madrasa kuwa yao. "Na jina la Karima?" akauliza. Wakajibu kwa pamoja: karimu, ukarimu, karamu. Nikajisahau, nikapaza sauti nyuma ya ua: "Na kalamu?"

"Hiyo ina mifupa mingine kabisa," akasema, akigeukia ua. Nilivuka ua nikilia, nikamweleza neno nililompelekea Mama siku ile. "Hebu sema karamu." Kalamu. "Tena." Kalamu. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso, akachukua kalamu ya Mama na sahani ya mahamri, akaenda kwetu mwenyewe.

Leo nafundisha Kiswahili mjini Wote, na r yangu haina kasoro. Wanafunzi wangu wana simu zinazowasahihishia maneno kabla hawajakosea, nami huwaonea huruma kidogo. Mwaka jana tulipomzika Mama, Karima alikuja na sufuria ya pilau, iliki ikinukia hadi kwa waombolezaji wa nje. Nilikuwa nimekaa siku tano sijadondosha chozi, nikipokea pole na kuandikisha wageni. Akaitua sufuria miguuni pangu.

"Shika kalamu ya mamako," akasema, nami nikalia.