Baiskeli ya Stima na Salamu za Kibokoni

Kutoka kwao Kibokoni hadi ofisini Ganjoni, Badawi alihitaji nusu saa ya mwendo na nusu saa ya salamu. Mwaka wa tisini na saba alionywa mara ya pili kwa kuchelewa, na Bi Beryl, msimamizi wa makarani, akamwambia hakuna onyo la tatu. Kinachofuata ni barua. Badawi, aliyejiona msomi kwa kuwa alimaliza magazeti ya watu kabla ya wenyewe, alitafakari akaona kuwa ugonjwa ni salamu na dawa ni mbio.

Dawa ililetwa kutoka Japani na nduguye Faiz, baharia: baiskeli yenye mota na betri, nzito kama kabati la bibi harusi. Usiku huchomekwa kwenye stima ukutani. Asubuhi humbeba mwenyewe bila jasho wala sauti. Siku nne Badawi alipita vichochoroni kama jini aliyevaa tai. Bi Nasiha, muuza mahamri, akifika kwenye "Sabalkheri, mwanangu, wambaje," mwanawe huyo yuko Ngomeni tayari. Ofisini, ambako kazi huanza saa mbili, aliingia saa moja na dakika arubaini, akajisifu kimoyomoyo, kwani hapakuwa na mwingine wa kumsifu.

Siku ya tano, stima ilikuwa imepotea mtaani usiku kucha. Masalio ya betri yalimfikisha mlangoni mwa Bi Nasiha, yakaisha papo hapo, kama yaliyotumwa.

"Kumbe yasimama!" akasema Bi Nasiha. "Nami nilidhani haina breki. Haya, mamako hajambo? Na lile goti? Faiz karudi safarini?"

Badawi alijibu yote, jicho kwenye saa. Hatua kumi mbele, Mzee Jamaldin alikuwa akimimina kahawa.

"Badawi! Ungali hai? Sisi twauliza maziko ni lini."

Alipoachiwa, alikanyaga pedeli kwa miguu iliyokwisha kuzoea kuwa abiria. Alifika getini akitweta, saa mbili kasoro dakika mbili, akiwa ameokoka.

Bawabu Tsofa, mwenye kitabu cha kuandikia wanaoingia, alikikumbatia kifuani. Siku nne alikuwa akipitwa kwa kengele tu.

"Salamu kwanza, Bwana Badawi."

Tsofa alikuwa na wake wawili, watoto saba, na mama mwenye mgongo mbovu kule Kaloleni. Badawi aliwaulizia wote. Mgongo peke yake ulichukua dakika tatu. Kisha Tsofa akafungua kitabu, akaandika kwa mwandiko mzuri: saa mbili na dakika nne.

"Mimi uongo siupendi," alieleza.

Bi Beryl alikuwa mtu wa neno lake. Saa tatu Badawi alikuwa njiani akiisukuma baiskeli, barua mfukoni.

"Mbona mapema leo?" akauliza Bi Nasiha.

Badawi aliiegemeza baiskeli ukutani, akaketi barazani, akanyoosha miguu.

"Shikamoo, Bi Nasiha. Wewe mwenyewe wambaje? Na usifupishe."