Kila asubuhi namrudishia mama huyu chupa tupu

Wahusika wa ukurasa huu, nawaomba mlifiche jina langu na muweke habari hii leo leo. Nimo intaneti kafe ya mjini, bado nimevaa sare. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Machame, muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi kwenye hospitali moja hapa Moshi. Si mtu wa kulialia, wenzangu hunitania kuwa nina moyo wa chuma. Lakini siku hizi harufu ya mtori ikinifikia tu, natoka nje ya nyumba yangu mwenyewe.

Wodini tuna mzee aliyepatwa na kiharusi akipalilia kahawa. Anapumua kwa mashine. Kila asubuhi mkewe hushuka mjini na chupa ya chai iliyojaa mtori, ndizi na nyama alizozipika na kuzipondaponda mpaka zimekuwa laini kama uji wa mtoto. Mwanzoni tulikuwa tunampa mzee kwa mpira wa puani, na mama akipokea chupa tupu alikuwa anacheka, "Huyu hajawahi kumaliza chakula changu akiwa mzima!"

Kisha tumbo likakataa. Daktari akaagiza chakula kisimame, akatuambia mzee harudi tena, tunangoja tu. Akasema kumwambia mama ni kazi yake yeye, tusiiguse. Halafu akasafiri kwenda semina. Nikamuuliza sista mkuu wa wodi, "Sasa huu mtori tufanyeje?"

"Mwaga. Ukimrudishia chupa imejaa ataangua kilio humu. Sisi si wasemaji wa daktari."

Basi namwaga. Nafungua bomba nisisikie unavyoshuka kwenye sinki, lakini nausikia. Nausikia hata nikiwa kanisani.

Pengine ningevumilia, ila kuna jambo. Mzee na kijana wake wa kwanza, anayeishi Sanya Juu, waligombana kwa ajili ya mpaka wa shamba na hawasemeshani. Kijana amekubali kuja na jani la isale. Ninyi wa huku mnajua, na wageni mjue: kwetu Wachagga mtu akikuletea jani hilo kuomba msamaha, humkatalii. Nikamwambia mama, "Shikamoo mama. Kijana mbona haji?"

"Marahaba mwanangu. Baba yake mkali huyu! Akimjia amelala hivi atasema ameviziwa. Acha apate nguvu, akae kitako, alipokee jani kwa mkono wake. Si unaona anavyokula?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mungu anisamehe, niliitikia.

Juzi alikuja mwanafunzi wa chuo anayepima jinsi kazi yetu inavyotuumiza dhamiri. Akatugawia maswali. Umewahi kuamriwa kufanya jambo unaloona si sawa? Limekuumiza kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka nne? Sista alikuwa ubavuni mwangu, nikaogopa, nikazungushia moja. Nilipochungulia karatasi yake, alikuwa amezungushia nne, akaifuta, kisha akairudia palepale. Hatukutazamana.

Leo mama kaja na chupa kubwa zaidi. "Nimeongeza nyama, naona hamu imemrudia. Kijana nimemwambia aje Jumapili baada ya ibada." Akanishika mikono yote miwili. "Aika, asante mwanangu. Wewe ndiye unayemlisha."

Miguu ya mzee imeanza kupoa. Nimewaona wengi wakifika hapo, huyu Jumapili haioni. Nikifungua mdomo nitafukuzwa, na wanangu wanasoma kwa mshahara huu. Nikinyamaza, kijana ataliweka jani lake juu ya jeneza, na mama atabaki akijiuliza mtu aliyekuwa anakula vizuri vile amekufaje.

Jamani, nisaidieni mawazo kabla hakujapambazuka. Kesho mama atanyoosha mkono kupokea chupa yake. Nimpe tupu, au nimpe vilevile alivyoileta?