Jiko Lililooshwa Wakati wa Chakula cha Mchana

Kazi ya mume wangu ni kuchafua, na nasema hivyo kwa heshima zote. Anaunda seti za filamu: sebule, maduka, ofisi, vituo vya polisi, hata wodi za wagonjwa, zote za plaiwudi na misumari, zote bila dari kwa sababu juu kunakaa taa. Kujenga wanajenga wengi. Kinachomtofautisha yeye ni kwamba ukuta alioupaka rangi Jumatatu, ikifika Alhamisi utaapa umeshuhudia vizazi vitatu. Anachemsha majani ya chai mpaka yanakuwa meusi tii, kisha anayapuliza ukutani kwa bomba la mkono. Anayeyusha nta, anaichanganya na unga wa mkaa, anaipaka kwa kitambaa nyuma ya jiko, na hapo umepata masizi ya miaka ishirini kwa siku mbili. Meza mpya anaipiga msasa pale tu ambapo kiwiko cha mtu kingekaa. Wenzake wanamwita Bwana Masizi, naye anaitika bila kinyongo.

Nyumbani, anayesafisha ni mimi. Hebu fikiria ndoa hiyo.

Nikinunua sufuria mpya, anaiangalia kwa masikitiko. Ikianza kubonyea na kupata rangi ya ukongwe, inapotea, na nikiuliza naambiwa iko kazini. Mlango wetu wa nyuma uliondoka wiki mbili, ukarudi na matundu matatu ya risasi. Yalikuwa ya rangi tu, lakini kaka yangu alipokuja kututembelea aliyatazama, akamaliza chai yake haraka, akaaga. Mume wangu akisimama kwenye foleni ya ofisi yoyote, anatoa simu na kupiga picha doa lililo chini ya swichi ya taa, hadi makarani wanaanza kukaa sawa wakidhani ni mkaguzi. Mtu huyo huyo, mwenye macho ya kuona alama ya kidole ukutani, kwa miaka ishirini na sita ananiuliza chumvi inakaa wapi.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa chini ya wakubwa. Wao walichora, yeye alichafua. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, mwongozaji mmoja alimkabidhi seti ya filamu aisimamie mwenyewe. Mwongozaji huyo ni mama wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti ya chini na uso usiotoa taarifa. Hakumficha neno. Alimwambia kwamba seti ya kwanza ni jiko, kwamba nusu ya filamu inatokea humo, na kwamba likimridhisha, vyumba vingine vyote ni vyake. Lisipomridhisha, kuna kijana anayejenga vyumba ndani ya kompyuta na yuko tayari kuanza kesho.

Hadithi ilikuwa ya mwanamke anayelea watoto watatu peke yake, bila kitu. Mume wangu aliposoma kurasa za mwanzo alizifunga, akasema, "Jiko hili nalijua." Nikadhani ni majigambo ya kawaida. Alichora bila kufuta: dirisha dogo kushoto, rafu ya mbao mbili, msumari wa kutundikia kikombe, mlango wa bluu uliobanduka rangi kwa chini. Alikaa nalo wiki tatu. Usiku alikuwa analala akinuka nta, na mimi nilikuwa nalala nimempa mgongo.

Sasa, wiki ya tatu mama yake alikuwa kwetu. Mama mkwe wangu ana miaka sabini na minne, ni mwembamba, mnyoofu, na akiingia chumbani vitu vinajipanga. Alikuja kupima macho, akapimwa, akabaki. Jambo moja lilikuwa linamkera kwa muda mrefu: watu wa kwao wakimuuliza mwanawe anafanya kazi gani, anasema ni mjenzi, na wakimuuliza nyumba alizojenga ziko wapi, inabidi aseme zimebomolewa zote.

"Kila moja?" alikuwa ananiuliza mimi, kana kwamba ninazibomoa mimi.

"Ndiyo kazi ilivyo, mama. Wakishamaliza kupiga picha, wanabomoa."

"Na hajawahi kujenga hata moja nzuri, wakaiacha?"

Siku ya kwanza ya kupiga picha za jiko, aliomba twende akaone. Mume wangu alikubali kwa haraka ya mtu mwenye mambo mengine kichwani. Tulifika kama saa sita mchana. Seti ilikuwa ndani ya ghala kubwa la bati, na kutoka nje ilionekana kama kreti lililokosa mfuniko. Picha zilipangwa kuanza saa nane. Yeye alikuwa amebakiza kazi moja tu, kupaka vanishi ya kuzuia masizi yasitoke, lakini mwongozaji akamwita wakale pamoja na kuzungumza. Wafanyakazi wote wakaenda kula. Mama akasema hana njaa, atakaa pale kwenye kigoda atusubiri. Mimi nikasema naenda msalani mara moja.

Hapa lazima niseme ukweli. Njiani nilikutana na fundi cherehani wa mavazi ya filamu, mwanamke mcheshi, naye akanionyesha gauni moja, kisha jingine, kisha akaanza kunisimulia habari za mwigizaji fulani na mume wake. Nilikaa karibu saa nzima. Habari zilikuwa nzuri.

Niliporudi, harufu ya nta haikuwepo. Ilikuwa harufu ya sabuni.

Mama alikuwa amejifunga kanga kiunoni na kukunja mikono ya gauni. Kwenye pembe ya wapaka rangi alikuwa ameokota ndoo, mche wa sabuni, sponji na waya wa kusugulia, akapata na maji ya moto kwenye birika la mafundi. Bomba la seti lilikuwa la mapambo tu, halikuunganishwa popote, kwa hiyo maji aliyafuata nje ndoo kwa ndoo. Wiki tatu za masizi zilikuwa kwenye ndoo. Ukuta ulikuwa mweupe, meza imesuguliwa, sufuria mbili zilikuwa juu ya rafu zikimeremeta, moja ikiwa yangu, niliyokuwa naitafuta tangu mwaka jana.

Nilikaa chini.

"Mama, umefanya nini?"

"Unaniuliza mimi?" Alikamua kitambaa bila kugeuka. "Muulize mume wako anachofanya yeye. Hili ni jiko langu."

Nikafikiri jua limempata kichwani. Lakini alinionyesha kimoja kimoja: dirisha, rafu, msumari, mlango wa bluu. Ni jiko la nyumba ya zamani, lile alilolelea watoto wake watatu, ambalo mimi sikuwahi kuliona kwa sababu nyumba ilishauzwa kabla sijaolewa. Mwanawe alikuwa amelijenga upya kwa kumbukumbu tu, bila kukosea hata upana wa ubao.

"Amelijenga vizuri," akasema. "Halafu amelipaka uchafu, aje awaonyeshe watu nchi nzima kwamba hivi ndivyo mama yake alivyoishi."

Nilimwonea huruma, na papo hapo nilimwogopea mume wangu, na sitaficha kwamba nilijiogopea na mimi, kwa sababu niliyeachiwa mama nilikuwa mimi.

Aliingia saa saba na dakika arobaini, kopo la vanishi mkononi. Alisimama. Nimemwona mtu huyu akifiwa, nimemwona akipewa mtoto wake wa kwanza, sijawahi kumwona amekosa pa kuweka kopo.

"Nani..." akaanza, akaona ndoo, akaona kanga ya mama kiunoni.

"Mimi," mama akasema. "Na kama unataka kunifokea, nifokee hapa hapa mbele ya mke wako, nisikie."

Hakufoka. Alisema kwa upole wa mtu anayezama, "Mama, ilinichukua wiki tatu. Nta peke yake inataka siku mbili ikauke. Wanaanza saa nane."

"Jiko langu lilikuwa hivyo lini?"

"Mama, nalikumbuka. Ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi mpaka juu. Nilikuwa naandika jina langu kwa kidole."

Mama alifuta mikono kwenye kanga. Kisha akauliza, "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Saba. Nane."

"Unakumbuka nani alikuwa anapika?"

Akahamishia kopo mkono wa pili.

"Nililazwa hospitali miezi mitatu," mama akasema. "Mdogo wako wa mwisho alikuwa hajaanza hata kutembea. Baba yako ndiye aliyekuwa anapika, Mungu amrehemu, na alikuwa anawasha moto kama mtu anayechoma matofali. Hayo masizi unayoyakumbuka ni yake. Mimi jiko langu nilikuwa naliosha kila siku alfajiri. Mkiamka, nimeshamaliza."

Mume wangu aliweka kopo chini. Akaanza kuutazama ukuta ule uliooshwa, kwanza kama mtu aliyeibiwa, halafu taratibu yale macho yake ya foleni yakamrudia. Akasogea. Sponji ilikuwa imeacha mizunguko hafifu, mikubwa, inayofika mpaka pale mkono wa mwanamke unapofika na si juu zaidi. Kwenye pembe, ambako vidole haviingii, weusi kidogo ulikuwa umebaki. Katikati ya meza nyuzi za mbao zilisimama kwa kusuguliwa. Aligusa kila kitu kwa ncha ya kidole. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anajisemea, kwamba hajawahi kutengeneza kitu kama hiki na asingejua aanzie wapi.

Kweli, angejulia wapi? Hajawahi kuosha jiko maishani mwake. Hilo nilikaa nalo moyoni, haikuwa saa ya kulisema.

Saa nane kamili mwongozaji akaingia na watu wake, akasimama mlangoni.

"Masizi yako wapi?"

Njia rahisi ilikuwepo. Mume wangu angeweza kusema wahudumu wa usafi wamekosea, aombe siku mbili, na mama angeondolewa kimyakimya kama kiti kisichohitajika. Mama alikuwa nyuma yake, ameshika kitambaa kwa mikono yote miwili.

"Nilikosea mimi," mume wangu akasema. "Huyu mwanamke wa hadithi hana kitu, lakini ana maji na ana mikono. Anaosha kabla watoto hawajaamka. Nilikuwa nimemjengea jiko la mtu aliyekata tamaa, na yeye hajakata tamaa popote kwenye kurasa hizi."

"Umeosha wewe?"

"Ameosha mama yangu."

Ghala zima likageuka kumtazama mama, naye akainua kidevu.

"Ulijua kwamba ataosha?" mwongozaji akauliza.

"Hapana."

"Basi usijisifu."

Akaenda kwenye kamera, akainama, akakaa hapo muda mrefu. Nilihesabu nati za nguzo iliyokuwa mbele yangu, nikafika thelathini na moja. Akaomba taa moja ishushwe, waone ile mizunguko ukutani. Akaomba mwigizaji aingie na kuinua sufuria kutoka motoni. Mwigizaji akaingia, akaiinua kwa vidole viwili.

"Sufuria ya moto haishikwi hivyo," mama akasema, si kwa sauti kubwa, lakini ghala lile lilikuwa linabeba sauti.

Mume wangu alifumba macho. Mwongozaji aligeuka, akamtazama mama, kisha akamwambia mwigizaji, "Mpe mama nafasi akuonyeshe." Mama akaenda, akakunja kitambaa mara mbili, akamwekea binti yule mkononi, akarudi mahali pake kana kwamba amefanya hivyo kila siku. Mwongozaji akasema, "Tunapiga," na alipopita karibu na mume wangu akamwambia, bila kusimama, kwamba kesho alete michoro ya chumba cha kulala.

Jioni wenzake walipokuwa wanakusanya nyaya, mama aliomba arudi ndani ya jiko mara moja. Tuliingia naye sisi wawili. Alikaa kwenye kigoda, akapapasa ubao wa meza.

"Na hili mtalibomoa?"

"Jumamosi ijayo, mama."

Akatikisa kichwa, hakubisha. "Nilipotoka hospitali," akasema, "niliwakuta mmekonda, na jiko limekuwa jeusi kama pango. Daktari alisema nisinyanyue hata ndoo. Nilisugua siku mbili. Ukuta ukarudi mweupe. Nikakaa pale mlangoni nikasubiri mrudi kutoka shule, nione mtasema nini." Akanyoosha kitambaa juu ya goti. "Mkapita, mkauliza chakula kiko wapi. Hata baba yenu. Nilimeza tu. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba liliniuma."

Mume wangu alipiga magoti kwenye sakafu ile ya plaiwudi, mzee mzima wa miaka hamsini, akashika mikono ya mama yake, ambayo maji ya moto na waya vilikuwa vimeichubua.

"Limekuwa jeupe, mama," akasema. "Nimeona."

Mama alimtazama machoni.

"Umechelewa miaka arobaini na mbili," akasema. "Ninyanyue, tuondoke, magoti yananiuma."