Edson Mchimba Vyoo na Choo cha Moto

Edson hawezi kukaa. Ukimkaribisha kiti atakishika mgongo, atakitikisa, atakuambia mguu mmoja umelegea, na kabla hujamjibu ameshatoka kwenda kuangalia mfereji. Tumekuwa majirani ukuta kwa ukuta mwaka wa kumi na moja sasa, hapa mlimani Tunduma, na sijawahi kumwona anamaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Mkewe, Atupele, husema yeye aliolewa na upepo.

Kazi ya Edson ni kuchimba mashimo ya vyoo. Karibu nusu ya mashimo ya mtaa huu yametoka mikononi mwake, na anayajua kama mama anavyojua wanawe: lile lilikuwa na udongo mwekundu, lile lilitoa maji futi ya tisa, lile mwenye nyumba alibisha likaanguka. Lakini kinyozi hajinyoi. Kiwanja chake mwenyewe ni mwamba mtupu. Kuna kona moja tu yenye udongo, na kona hiyo alishaichimba zamani, ndicho choo pekee cha nyumba yake. Mimi sina la kumcheka, maana sisi wapangaji upande wa pili choo chetu kilijaa kabla ya Krismasi, baba mwenye nyumba akapiga kufuli, tukawa tunakwenda kuomba mtaa wa tatu.

Januari mvua zikiwa zimekolea, Edson alimleta baba yake, Mzee Osea, kutoka Ibaba, kule juu Ileje. Mzee ana kisukari, na chini ya unyayo wa kulia alikuwa na kidonda ambamo ungeweza kuingiza kidole gumba. Daktari aliwaambia bila kuzunguka: kidonda kisafishwe mara tatu kwa wiki, wiki sita, bila kukatisha. Wakikatisha, mguu utakatwa chini ya goti. Kutoka Ibaba wakati wa mvua hakuna anayefika kliniki mara tatu kwa wiki. Kwa hiyo neno lilikuwa moja tu: mzee akae Tunduma, au mguu uende.

Sasa sikiliza shida ilipoanzia. Wao ni Wandali, na kwao mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Atupele akisikia kikohozi cha mzee, anazunguka nyuma ya nyumba. Chakula anakiweka mlangoni, anagonga, anaondoka. Hayo yote waliyaweza. Lakini choo kimoja, shimo moja? Mzee Osea alimwambia mwanawe, "Siwezi, Edson. Vitu vyangu na vya mke wako vikutane kule chini? Hata ukinifunga kamba siendi."

Wakajaribu ndoo. Edson akienda kazini ndoo inashinda chumbani, na mzee anashinda ameifunika kwa koti lake kwa aibu. Siku ya tatu akaichukia, akaanza kwenda choo cha stendi na fimbo yake, akishuka kilima kwenye tope kila asubuhi, akikwepa foleni ya malori. Wiki ya pili akaanguka. Kidonda kikafunguka upya. Walipomleta, tope hadi kwenye kofia, alisema kwa utulivu kabisa, "Ijumaa narudi kwangu."

Ilikuwa Jumatatu. Tangu siku hiyo Edson aliyekuwa hakai akawa pia halali. Nilimsikia Jumanne kutwa nzima na sululu na tindo akipiga ule mwamba nyuma ya jiko, paa, paa, paa, cheche zinaruka, na jioni alikuwa na kishimo cha kufugia bata. Nikamuuliza juu ya ukuta, "Kwa nini usijenge karo kama matajiri?"

"Mama Scola, karo linataka shimo la kunyonya maji. Mwamba haunywi maji. Na likijaa, gari la majitaka litapita wapi? Hapa hata toroli linapita kwa kuomba."

Alisema hivyo akitembea. Sikuona hata uso wake vizuri. Nilimhurumia, na nilimkasirikia pia, kwa sababu alikuwa anatuchosha wote.

Jumatano akavuka mpaka kwenda Nakonde. Huko yupo dalali mmoja, Isaka, anayeuza vitu vilivyobaki kwenye makambi ya wachimba madini wa Zambia: vitanda, mahema, jenereta. Isaka akamwonyesha kitu ambacho Edson hakuwahi kukiona katika maisha yake yote ya vyoo. Choo cha chuma kinachochoma. Hakitaki shimo, hakitaki maji. Unatandika karatasi ndani ya bakuli, ukimaliza unakanyaga pedeli, mzigo unashuka kwenye chumba cha chini, unabonyeza kitufe. Gesi inawaka, feni inavuta moshi kwenye bomba, na baada ya saa moja kimebaki kiganja kimoja cha jivu.

"Tapali ubwafya, mwandi," Isaka alimwambia, yaani hakuna shida yoyote, na Edson akaamini kwa sababu alitaka kuamini. Aliacha pikipiki yake kwa Isaka iwe malipo, akarudi na choo juu ya guta. Kilipitaje mpakani? Kilipita kama vitu vyote vinavyopita Tunduma, msiniulize.

Alhamisi akakifunga kwenye kibanda cha mabati pembeni ya chumba cha mzee, bomba likatokeza juu, mtungi wa gesi nje. Na hapo ndipo alipokosea. Mzee alipouliza mashine inafanya nini, Edson akamjibu, "Inakausha, Tata. Hiki ni chako peke yako. Mama yule atabaki na shimo lake. Havikutani kamwe."

Inakausha! Nilisikia kwa masikio yangu nikaacha kuanika nguo. Nilijua kwa nini anadanganya, na yeye alijua kwamba najua. Sisi sote huku tumekua na jambo hili. Mtu akikunyea shambani, humtafuti. Unachukua makaa ya moto na pilipili, unaweka juu ya kile alichokiacha, na popote alipo atashika tumbo. Kinyesi cha mtu hakichomwi. Mtoto wa miaka mitano anajua.

Ijumaa asubuhi mzee akaahirisha safari, akaingia kibandani. Akatoka ameridhika, akakaa kwenye kigoda chake. Edson akabonyeza kitufe. Mashine ikakohoa, ikanguruma, na bombani ukatoka moshi mwembamba.

Mzee akautazama ule moshi kwa muda mrefu.

"Edson, huo ni moto."

"Ni mvuke, Tata."

"Nimepika pombe na kuchoma matofali tangu babu yako yu hai. Huo ni moto. Zima."

Edson akazima. Nilidhani mzee atapiga mtu fimbo. Badala yake akashika tumbo kwa mikono yote miwili, akasema jambo ambalo mwanawe hakuwahi kulisikia.

"Mimi nilimuua Damiano."

Damiano alikuwa kaka yake mkubwa, aliyefariki miaka thelathini na zaidi iliyopita. Mzee akaeleza huku akitazama chini. Mtu alikuwa anachafua shamba lake la viazi, siku baada ya siku. Asubuhi moja alikuta kinyesi bado kibichi, akaleta makaa, akaleta pilipili, akaweka. Hakujua ni cha nani. Siku ya nne Damiano akavimba tumbo. Mwezi haukuisha wakamzika. "Nilishika jembe nikamfukia kwa mikono hii. Na sasa wewe unanichoma mimi. Pengine ni haki. Lakini siwezi kungojea kifo hapa kwa mwanangu. Kesho nikatie tiketi."

Edson alizunguka ua mara tatu. Kisha akaenda kuushika mtungi wa gesi kana kwamba ataubeba aurudishe Nakonde kwa miguu. Alikuwa analia, mtu mzima yule, na machozi yenyewe anayafuta akitembea.

Hapo Atupele akatoka jikoni. Alikuwa amesikia yote, kama mimi. Alijitanda khanga usoni, akapita mbele ya baba mkwe wake akiwa amempa mgongo, akaingia kwenye kile kibanda, akafunga mlango. Baada ya muda tukasikia pedeli. Kisha mashine ikakohoa, ikanguruma.

Alipotoka alisimama akitazama ukuta wangu. Kwa kuwa hana ruhusa ya kusema na mzee, alisema na ukuta.

"Wewe ukuta, mwambie mzee kwamba mke wa Edson ameingia kwenye choo chake, na vitu vya mke wa Edson vinaungua sasa hivi. Nikivimba, nitavimba. Lakini yeye ndiye anayejua ugonjwa huo unavyoanza. Akiondoka kesho, nani atanitazama?"

Jamani. Karibu nimjibu mimi kwa niaba ya ukuta.

Mzee hakuondoka. Angeondokaje? Aliyarudia mambo ya ndoo bila kunung'unika, na kila asubuhi swali lake lilikuwa moja: "Mama wa nyumba hii ameamkaje?" Edson anajibu mzima, mzee haamini, anatega sikio asikie hatua zake jikoni. Atupele akikohoa, mzee anasimama. Atupele akichelewa kuwasha moto, mzee anagonga fimbo ukutani. Na Atupele, kwa ukaidi wake, kila siku akaingia kibandani, akakanyaga, akabonyeza. Nilimuuliza kwa siri kama haogopi. "Naogopa sana," akaniambia. "Jana nilihisi tumbo linaunguruma nikaandika usia kichwani. Kumbe ni maharage."

Siku ya nne ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Edson hakwenda kazini. Alizunguka nyumba mpaka akatengeneza njia kwenye tope. Mzee hakula. Atupele akasaga mahindi, akafua mablanketi mawili, akabishana na mimi juu ya kamba ya kuanikia, akanishinda. Siku ya tano ikaja, ya sita. Na katikati ya kumtazama mkwe wake, mzee akapelekwa kliniki Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, maana alikuwepo tu. Kidonda kikaanza kujaa nyama nyekundu. Nadhani yeye mwenyewe hakuona.

Siku ya kumi, Jumapili, watu wakiwa wametoka kanisani, mzee alimwita Edson amwage jivu la mkewe lisibaki hata punje, kisha amwekee karatasi kwenye bakuli. Akaingia. Akabonyeza kitufe mwenyewe. Akatoka, akakaa kigodani, viganja tumboni, akaisikiliza mashine mpaka feni iliposimama. Ilikuwa saa nzima. Kisha akasema, "Nipigie Ibaba. Nataka kuongea na Nesta."

Nesta ni mjane wa Damiano. Edson akaweka sauti kubwa kwa kuwa mzee hasikii vizuri, basi tukasikia sote, mimi ukutani na Atupele nyuma ya mlango wa jiko.

"Shemeji," mzee akasema, "nina neno kuhusu Damiano. Kuhusu lile tumbo." Akamweleza yote, makaa, pilipili, shamba la viazi. Alipomaliza, Edson akaiangalia simu kama haijakatika.

"Shemeji Osea," Nesta akasema, "Damiano lile tumbo alikuwa nalo kabla. Daktari wa misheni alimwambia ini limeharibika, naye Damiano akaniambia mimi peke yangu, hakutaka kuwatia hofu. Ilikuwa mwaka mzima kabla hajafa. Na wewe miaka yote hii unaniletea magunia ya viazi, mimi nikasema, shemeji yangu ana upendo. Kwani ulikuwa hujui?"

"Sikuuliza."

"Ungeuliza."

Mzee Osea alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani siku ya kwanza, na hakuna aliyemzuia. Edson alisimama karibu yake, kwa mara ya kwanza miguu yake imetulia, hajui aweke wapi mikono. Mzee alipopata pumzi alimrudishia simu, akajifuta uso kwa kofia.

"Kesho tuwahi kliniki," akasema. "Kwa Nesta nataka kwenda na miguu yote miwili."