Mlango wa Nyuma

Lorna Tveit alikuwa amewalisha, kuwaogesha na kuwageuza wazee wa nyumba moja ya kulelea wazee mjini Duluth, Minnesota, kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akipaza sauti. Kwa hiyo wenzake wakaamua kwamba hana la kusema. Ndivyo watu walivyo. Usipopiga soga kwenye chumba cha kahawa wanakutungia maisha: mara unaringa, mara una huzuni, mara kuna mwanamume aliyekuvunja moyo. Lorna hakuwa na lolote kati ya hayo. Alikuwa anafikiri, basi, na alikuwa hajui kufikiri kwa kelele.

Alichofikiria zaidi ni mlango wa nyuma.

Mzee akifa pale, wauguzi walifunga milango ya vyumba vyote, kisha maiti ikapitishwa kwenye korido ya chumba cha kufulia nguo mpaka nje, kwenye mapipa ya taka ya jikoni, ambako gari la mazishi lilikuwa linasubiri. Mlango wa mbele, wenye maua na viti vya ngozi, ulikuwa wa familia zilizokuja kukagua vyumba. Hao hawakutakiwa kuona maiti. Kana kwamba wazee wenyewe hawawezi kuona kiti kitupu mezani! Mtu umempokea kwa keki, umembandikia picha ukutani, halafu unamtoa pamoja na maganda ya viazi. Lorna alikuwa akiliwaza jambo hilo anapandwa na hasira peke yake ndani ya basi.

Kwenye mikutano ya Jumatano mkuu wao, Kendra Pohl, aliuliza, "Kuna mwenye neno?" Akatazama huku na huku kidogo tu. "Safi! Tumekubaliana wote." Lorna alikuwa bado anaipanga sentensi yake ya kwanza. Basi akaandika barua, maana kwenye karatasi hakuna anayekukatiza. Aliandika tatu katika miaka miwili, akaziweka mezani kwa Kendra kwa mkono wake. Hakujibiwa hata moja.

Kisha akaja Mzee Einar Halvorsen, aliyekuwa mgawa barua wa posta kwa miaka thelathini na minane.

"Binti," alimwambia siku moja akinyolewa ndevu, "mimi nimebisha milango ya mbele maisha yangu yote. Theluji magotini, mbwa visiginoni, mlango wa mbele. Usikubali wanitoe kule kwenye mapipa."

"Sitakubali."

"Wewe? Wewe hata inzi humfukuzi, unamwomba radhi!"

"Nimesema sitakubali, Mzee Einar. Na tulia, nitakukata."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini alimwamini, na hilo ndilo lililomkaa Lorna moyoni.

Januari, mzee akiwa hoi kitandani, Kendra alimleta mtaalamu wa tabia za watu kutoka Minneapolis. Wafanyakazi wote walijibu maswali themanini: unapenda karamu au kitabu, unaamua kwa kichwa au kwa moyo. Lorna alijibu kweli tupu, na hilo ndilo kosa lake. Kila mmoja akapewa kadi ya kubandika kwenye kabati lake. Ya Lorna ilikuwa ya kijani: Mtulivu Mwenye Ndoto.

"Haya, mwenye ndoto!" alipiga kelele Darla, mwenzake wa zamu. "Jana umeota nini? Umeota umeongea?"

Wakacheka wote, na mtaalamu naye akacheka. Maswali themanini, halafu mtu mzima anageuzwa kuwa kadi ya kijani!

Kesho yake Kendra alimwita ofisini, akamshika mikono.

"Lorna, mpenzi, sasa ndiyo nimekuelewa. Nisamehe. Tulikuwa tunakutesa huko na watu. Kuanzia Jumatatu utakuwa kwenye chumba cha kufulia. Kimya, hakuna wa kukusumbua."

"Lakini Mzee Einar..."

"Darla atamwangalia. Darla ni mtu wa watu."

Mtu wa watu! Darla aliyewaita wazee wote "kipenzi" kwa sababu hajayashika majina yao!

"Amebakiza siku chache tu," Lorna alisema.

"Ndiyo maana. Watu wa aina yako mnaumia sana. Nakuhurumia, mwenzangu."

Lorna alifungua kinywa, lakini Kendra alikuwa ameshasimama na kumkumbatia. Ukikumbatiwa namna hiyo unagombana vipi?

Alhamisi, saa sita mchana, Lorna alikuwa anatoa mashuka kwenye mashine ya kukaushia aliposikia magurudumu koridoni. Aliyajua. Alitoka na shuka mkononi. Wanaume wawili wa mazishi walikuwa wanasukuma kitanda, Kendra mbele na funguo, Darla nyuma. Chini ya blanketi la buluu zilionekana ncha za miguu ya Mzee Einar. Hakuna aliyekuja kumwambia. Hatua ishirini tu, na hakuna aliyekuja.

"Simameni."

"Lorna, tafadhali, si wakati wake."

"Mgeuzeni. Anatoka mbele."

"Mbele kuna familia, wanakagua chumba cha mama yao."

"Vizuri. Waone na atakavyotoka."

"Mpenzi, umechoka. Huyu si wewe."

"Ndiye mimi!" Kwa kelele zake mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Miaka kumi na tisa ndiye mimi! Mmenipa kadi, mmenihurumia, mmenificha na mashuka, na kuniambia amekufa mmeshindwa! Nilimwahidi. Mgeuzeni, au mnipitie juu!"

Darla alitazama viatu vyake. Yule mkubwa wa watu wa mazishi akavua kofia, akakigeuza kitanda.

Walipita katikati ya chumba cha kulia. Wazee walioweza walisimama; wasioweza waliweka uma chini. Yule mama mzee ambaye familia yake ilikuwa inamkagulia chumba ndiye aliyewashikia mlango, na baridi ya ziwa lililopakana na mji ikaingia mpaka kwenye meza. Lorna alitembea ameshika mguu wa mzee kupitia blanketi mpaka garini.

Ofisini Kendra alikuwa analia.

"Kwa nini hukusema? Miaka yote hii, Lorna! Ungesema tu!"

"Fungua faili langu. Kila karatasi yangu unaitia humo."

Kendra akalifungua. Nyuma ya karatasi za likizo zilikuwamo bahasha tatu zimebanwa pamoja, zote bado zimefungwa kwa gundi. Juu yake kulikuwa na mwandiko wa Kendra mwenyewe: Hapendi kuwasiliana na wenzake.

"Soma," Lorna alisema.

Kendra akachana bahasha ya kwanza. Lorna hakuondoka wala hakuketi. Alisimama palepale mpaka zilipokwisha zote tatu.