Mwashi na Samaki Aliyechimba Msingi

Alasiri ya Jumapili. Pazia limefungwa nusu, na mwanga wa rangi ya samli unaelea sebuleni. Mwashi amepiga magoti mbele ya tangi lake la kioo lenye maji ya chumvi, mkono mmoja umezama hadi kwapani. Ananyanyua jiwe taratibu, kama anayemfunua shuka mtoto aliyelala.

Chini ya rundo la mawe yuko samaki, au alikuwapo. Ni gobi mchimbaji: mweupe, mwenye madoa ya rangi ya chungwa, mrefu kama kidole. Kutwa hujaza mchanga kinywani, akauchekecha na kuutema safi. Kwa tabia hiyo mwashi alimpa jina la kibarua amchekecheaye mchanga kazini: Saidia Fundi.

Asubuhi ya leo mawe yameporomoka. Tangu hapo Saidia Fundi hajaonekana.

"Niliwahi kukataa kazi ya tajiri aliyetaka ukuta bila msingi," anasema mwashi, bila kugeuka. "Hapa kwangu nikamwaga mchanga kwanza, nikapanga mawe juu yake. Na pima maji, kile kipimo cha usawa, nikaweka juu! Mawe yalinyooka kama rula. Samaki akachimba chini yake, basi."

Kosa lililokiriwa namna hiyo halihitaji wakili.

Mkewe, mshonaji wa nguo, ameshika kurunzi. "Mke mwenzangu huyo," ananieleza mimi, mgeni wao. "Anapimiwa chumvi, anapashiwa maji. Mimi nikisema chai inapoa, naambiwa ngoja kidogo."

"Mama watoto, mulika huku."

"Namulika, baba. Angalia usimkandamize."

Watoto wao walipokwisha kuoa na kuolewa, nyumba ilibaki na sauti mbili: cherehani na saa ya ukutani. Mwashi alirudi kila jioni na ngurumo ya mashine ya zege masikioni, akala, akalala. Alipokuja samaki, wakaanza kuketi hapa bega kwa bega, wakitazama mchanga ukishuka majini polepole, kama mvua ya ndotoni. Mazungumzo yakarejea yenyewe.

"Akifa," mwashi ananong'ona, "tutakuwa tunatazama nini?"

Mkewe anasogeza kurunzi karibu na kioo.

Jiwe la mwisho linatoka. Mchanga umetulia tuli. Kisha, kwenye pembe, unafura kidogo, unapasuka, na macho mawili yanachungulia.

"Huyo! Huyo!" mshonaji anapiga kelele. "Kumbe kalala, mvivu mkubwa! Sisi huku presha zinapanda!"

Mwashi anacheka hadi anaketi sakafuni. Anataka kuanza sasa hivi: amhamishie samaki ndooni, autoe mchanga wote, akalishe mawe juu ya kioo chenyewe, ndipo mchanga uyazunguke. "Achimbe mpaka achoke," anasema. "Hakuna kitakachomwangukia tena."

Mkewe amekwisha kuvuta viti viwili.

"Utajenga kesho, mume wangu. Kaa. Leo tumtazame."